Kumi Nenda Uje: Mahali Seva Inapokaa

Wikiendi moja, miaka kadhaa iliyopita, niliusogeza mfumo karibu na watumiaji wake. Jumatatu ukawa mzito kuliko ulivyokuwa Ijumaa.

Mfumo wenyewe haukuwa na maajabu: seva chache za wavuti, kanzidata moja (ghala la taarifa zote), na foleni ya kazi za usiku. Vyote vilikaa ng'ambo ya bahari, katika kanda (eneo la dunia lenye vituo vya data) iliyokuwa imetangulia kwenye orodha siku akaunti ya wingu, yaani ya kukodi seva za kampuni nyingine, ilipofunguliwa. Aliyeifungua ni mimi. Wala sikuchagua mahali. Nilibonyeza "endelea" na mahali pakajichagua penyewe. Watumiaji walilalamika kwa muda mrefu kwamba kurasa zinakuja kwa kuchechemea, kwa hiyo mtoa huduma alipofungua kanda mpya upande wao wa dunia, nikaona dawa imepatikana. Tukahamisha seva za wavuti. Kanzidata tukasema itafuata, maana ilikuwa kubwa na hakuna aliyetaka kuigusa wikiendi ile.

Ukurasa uliokuwa ukichukua sekunde moja na nusu sasa ulichukua zaidi ya sita.

Ilinichukua nusu siku kuelewa, na nusu siku nyingine kukubali. Ili kutengeneza ukurasa mmoja, programu yetu iliiuliza kanzidata maswali 38, moja baada ya jingine, kila moja likisubiri jibu la lililotangulia. Seva na kanzidata zilipokuwa jirani, swali moja lilikwenda na kurudi ndani ya milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, na yote 38 yalikwisha kabla mtu hajafumba jicho. Baada ya kuhama, kila swali lilivuka bahari, milisekunde 160 kwenda na kurudi. Zidisha kwa 38: sekunde sita na ushei. Karani tulikuwa tumemleta mlangoni, kabati la mafaili tukaliacha ng'ambo.

Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje. Walikuwa wakizungumzia mali na ahadi, lakini mimi sijapata maelezo ya mitandao yaliyo mafupi kuliko hayo. Kumi inaweza kuwa nyingi kuliko kenda, ila ina mwendo ndani yake, na mwendo hulipiwa. Tangu Jumatatu ile, kwenye timu yetu safari moja ya ombi kwenda na jibu kurudi huitwa nenda-uje, na mtu akileta mchoro wa mfumo mpya, kabla hatujauliza unatumia lugha gani ya programu, tunauliza: ukurasa mmoja una nenda-uje ngapi, na kila moja inavuka wapi?

Bei ya kilomita

Nuru husafiri kilomita 299,792 kwa sekunde katika ombwe. Ndani ya uzi wa kioo, kama ule ulio ndani ya mikongo ya mawasiliano, hupungua mpaka karibu 200,000, kwa sababu kioo chenyewe huishika. Kutoka hapo hesabu ni ya kichwani: kila kilomita 100 za mkongo ni milisekunde moja ya nenda-uje. Hapo hatujaongeza ruta, kifaa kinachoelekeza data njiani, hata moja, wala foleni, wala seva inayofikiri. Ni sakafu, na hakuna bajeti inayoweza kuichimba.

New York na London zimetengana kilomita 5,570 hivi kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, kwa hiyo sakafu yake ni milisekunde 56. Mwaka 2015 mkongo wa Hibernia Express ulianza kazi kati ya pande hizo mbili, ukiwa umelazwa kwa njia iliyonyooka zaidi kuliko ya iliyotangulia, kwa ajili ya wafanyabiashara wa masoko ya fedha. Nenda-uje yake ilikuwa chini kidogo ya milisekunde 59. Watu walitandika mkongo mzima chini ya Atlantiki ili kupunguza milisekunde chache, na bado walibaki juu ya sakafu. Huwa naikumbuka habari hiyo kila ninapoombwa "kuboresha mipangilio kidogo" ili seva iliyo bara jingine ijibu kama iliyo chumba cha pili.

Ila rula ya ramani hukupa sakafu tu; haikupi njia. Mkongo hufuata pwani na mabonde ya bahari, haufuati mstari. Tena pakiti, vile vipande ambamo data husafiri, hazichagui njia fupi. Huchagua njia ambayo kampuni mbili za mtandao zimekubaliana kupeana data. Watu wawili walio umbali wa kutembea kwa miguu wanaweza kuwa wateja wa mitandao miwili isiyo na makubaliano hayo, na ujumbe kati yao ukakutania nchi ya tatu kabla ya kurudi. Ndiyo maana siku hizi siamini kabisa sentensi inayoanza na "kanda hii ndiyo iliyo karibu zaidi". Karibu kwa nani, kupitia mtandao gani?

Jibu lake hupatikana kwa kupima, na kupima kwenyewe kuna mitego. Mtego wa kwanza ni kupimia ofisini. Ofisi ina laini nzuri, na mara nyingi haiko waliko watumiaji. Weka kipande kidogo cha msimbo kwenye ukurasa, kivute faili dogo kutoka kanda tatu au nne unazozifikiria, kikurudishie namba kutoka simu halisi za watu halisi. Wiki mbili zinatosha. Mtego wa pili ni wastani. Wastani ni mzee mpole anayesema kila mtu yuko sawa. Tuseme ombi moja kati ya kila 100 huwa zito sana. Ukiangalia wastani, hutaliona. Lakini ukurasa unaohitaji maombi 38 una uwezekano wa asilimia 32 wa kukutana na angalau moja kati ya yale mazito. Theluthi nzima ya kurasa! Kwa hiyo angalia mwisho wa foleni, pale walipo wale watano au yule mmoja wa mwisho kati ya mia. Ndio wanaopiga simu kulalamika, na kumbe hawana kosa.

Halafu kuna nenda-uje ambazo mwandishi wa programu hakuziandika. Kabla ya herufi ya kwanza ya ukurasa kufika, TCP, utaratibu wa kufungua mawasiliano kati ya mashine mbili, huhitaji nenda-uje moja ya kusalimiana. TLS 1.3, utaratibu wa kuyafanya mawasiliano hayo yawe siri, iliyochapishwa mwaka 2018, huongeza moja ya kubadilishana funguo. Ile ya zamani, TLS 1.2, huchukua mbili. Kisha ombi lenyewe. Kwa milisekunde 160, hizo ni karibu nusu sekunde kabla hujaona chochote. Na data haiji yote kwa mkupuo: TCP huanza kwa tahadhari, vipande 10 hivi, yaani kama kilobaiti 14, ikisubiri kuitikiwa kabla ya kuongeza maradufu. Ukurasa wa kilobaiti 300 huhitaji mizunguko mitano hivi. Hapo ndipo utaona kwa nini kununua laini pana zaidi hakukusaidii. Barabara ina njia nane, lakini wewe unasubiri mjumbe arudi ndipo utume gari jingine.

Dawa yetu haikuwa ile niliyokuwa nimeikimbilia. Seva za wavuti zilirudi kule kule zilikokuwa, ubavuni mwa kanzidata. Karibu na watumiaji tukaweka ncha ya mtandao wa kusambaza maudhui, yaani seva ya mbele inayopokea maombi na kutunza nakala za kurasa, aina ya kazi ambayo Akamai imekuwa ikiifanya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambayo leo Cloudflare, Fastly na wengine wanaifanya. Salamu za TCP na TLS zikaanza kumalizikia kwenye ncha hiyo, milisekunde chache kutoka kwa mtumiaji, na ombi likavuka bahari mara moja tu, kwenye muunganisho uliokwisha funguliwa na kupashwa moto. Picha na faili zisizobadilika hazikuvuka kabisa. Kisha tukakaa chini na yale maswali 38. Mengi yalikuwa swali moja lililoulizwa ndani ya kitanzi. Tulipoyaunganisha yakabaki manne. Hiyo ya mwisho ilikuwa kazi ya siku mbili, na tungeifanya mwanzoni pengine tusingehama hata kidogo.

Sina ugomvi na kanda mpya. Ila ukitaka kusogea, sogeza vitu vinavyoongea sana kwa pamoja, kama familia inayohama. Usimtangulize mtoto.

Kufa pamoja

Kasi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni swali la mahali pakizima kutatokea nini, na hapa watu, mimi nikiwa mmojawapo, hupenda kuhesabu majengo kana kwamba kila jengo ni roho ya akiba.

Istilahi kwanza, kwa haraka. Watoa huduma wakubwa huigawa dunia katika kanda, na kila kanda huwa na zoni, kwa kawaida tatu au zaidi. Zoni ni kituo kimoja cha data au vituo kadhaa vyenye umeme wake, upoozaji wake na mtandao wake. AWS, huduma ya wingu ya Amazon, husema zoni za kanda moja ziko ndani ya kilomita 100 toka moja hadi nyingine. Kwa hesabu yetu ya mkongo, ni milisekunde moja au mbili za nenda-uje. Umbali huo haukuchaguliwa ovyo: unatosha kwa moto au mafuriko ya kawaida yasishike zote, na ni mfupi kiasi kwamba kanzidata inaweza kuandika sehemu mbili kwa wakati mmoja bila mtumiaji kuhisi.

Sasa zile tisa ambazo watoa huduma huzitaja katika asilimia zao za kuwa hai. Huduma iliyo hai asilimia 99.9 ya muda huruhusiwa kulala saa 8 na dakika 45 kwa mwaka. Asilimia 99.99 ni dakika 52 na ushei. Asilimia 99.999 ni dakika tano na robo, yaani muda ambao mtu aliyeamshwa usiku huutumia kutafuta miwani. Ukiwa na vitu viwili vya 99.9 na kimoja tu kikitosha, kwenye karatasi unapata 99.9999, sekunde 31 kwa mwaka. Ukiwa na vitu vitano vya 99.9 na vyote vikihitajika, unabaki na 99.5, saa 44 hivi. Watu huchora ile hesabu ya kwanza na kujenga mfumo wa hesabu ya pili.

Na ile ya kwanza ni kweli kwa sharti moja: viwili hivyo visife kwa sababu moja. Hapo ndipo kazi ilipo yote.

Tarehe 10 Machi 2021 jengo la SBG2 la OVHcloud, kampuni ya wingu ya Ufaransa, mjini Strasbourg liliteketea kwa moto. Pembeni yake palikuwa na majengo mengine yenye majina yao, SBG1, SBG3, SBG4, lakini kiwanja kilikuwa kimoja. Moto uligusa sehemu ya SBG1, na umeme wa majengo yote ukazimwa. Walioweka nakala zao za akiba "jengo jingine" waligundua jengo jingine lilikuwa hatua chache tu. Wapo waliopoteza data moja kwa moja. Julai 2022, siku Uingereza ilipopita nyuzi 40 za joto kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake, upoozaji ulishindwa katika vituo vya Google na vya Oracle London siku hiyo hiyo. Kampuni mbili, mikataba miwili, jua moja. Na Machi 2024 mikongo minne ya baharini, WACS, MainOne, ACE na SAT-3, ilikatika karibu na pwani ya Abidjan kwa pamoja. Kwenye jedwali la ununuzi hiyo ni njia nne tofauti. Chini ya bahari zilikuwa zimelala kitanda kimoja.

Hizo ni za moto, jua na maji, mtu huzielewa. Zinazonitisha zaidi ni za programu, kwa sababu programu haijali ukuta. Tarehe 28 Februari 2017 mhandisi wa AWS alitaka kuondoa seva chache za S3, ghala lao la mafaili, katika kanda ya Virginia Kaskazini, akakosea kuandika sehemu ya amri, zikaondoka nyingi. S3 ya kanda nzima ikasimama kwa saa nne hivi, na ukurasa wa kuonyesha hali ya huduma ukashindwa kubadilishwa kwa sababu nao ulitegemea S3. Oktoba 2025, kanda hiyo hiyo, mifumo miwili ya kujiendesha yenyewe iligongana wakati ikisasisha DNS (daftari la anwani za mtandao) ya DynamoDB, kanzidata ya AWS, rekodi ikabaki tupu, na huduma kibao zilizoitegemea zikafuata. Uwe na zoni tatu au sita, siku kama hiyo zote ni moja.

Kuna mtego mdogo hapa unaowanasa hata wazoefu. Herufi za zoni za AWS hazikuwa na maana moja kwa kila mteja. Zoni "a" ya akaunti yako inaweza kuwa zoni "c" ya akaunti yangu. Zilichanganywa makusudi ili watu wote wasirundikane kwenye "a". Kampuni yenye akaunti mbili inaweza kuweka seva "a" huku na nakala "b" kule, ikalala usingizi mzuri, kumbe ni jengo lile lile. Kuna kitambulisho kingine, kama use1-az1, kisichobadilika. Kitumie hicho.

Fahali wawili

Basi, mtu hujiambia, tuweke kanda ya pili. Ya mbali, bara jingine ikibidi.

Kabla hujafanya hivyo, soma habari ya GitHub, mahali waandishi wa programu huhifadhi msimbo wao. Tarehe 21 Oktoba 2018 mafundi walikuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao kilichochakaa, na mawasiliano kati ya kituo chao kikuu cha data na kitovu cha mtandao, vyote pwani ya mashariki ya Marekani, yakakatika. Kwa muda gani? Sekunde 43. Katika sekunde hizo, programu ya kusimamia kanzidata ilifanya hasa ilichofundishwa: ikaona kiongozi wa mashariki, yaani kanzidata inayopokea maandishi yote, haonekani, ikapiga kura, ikampa uongozi wa magharibi. Mawasiliano yakarudi. Lakini mashariki kulikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo magharibi haikuwahi kuyapokea, na magharibi ikaendelea kupokea mapya kwa karibu dakika 40 ambayo mashariki haikuwa nayo. Fahali wawili, zizi moja. Zaidi ya hapo, programu za mashariki sasa zililazimika kuandika magharibi, ng'ambo ya bara zima, na zikalemewa na nenda-uje. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka kwa uchungu. Nilikuwa nimekwisha yapitia hayo kwa maswali yangu 38.

Huduma yao ilichechemea kwa saa 24 na dakika 11. Kwa kukatika kwa sekunde 43. Walichagua kuokoa data ya watu kwanza na kurudisha kasi baadaye, na naona walichagua sawa.

Asili ya tatizo hilo haiko kwenye programu mbovu. Eric Brewer aliliweka wazi mwaka 2000, na Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha kihesabu mwaka 2002: mtandao ukigawanyika, lazima uchague kati ya kuendelea kujibu na kuendelea kuwa sahihi. Hata siku ambayo hakuna kilichokatika, uchaguzi wake mdogo upo. Ukitaka kanda ya pili iwe na kila neno kabla ya kumwambia mtumiaji "imehifadhiwa", kila maandishi yatasubiri nenda-uje ya kati ya kanda, milisekunde 70, 100, 160. Usipotaka kusubiri, kanda ya pili itakuwa nyuma kidogo daima, na siku ya kuhamia huko utapoteza hicho kidogo. Hakuna mtoa huduma anayeuza njia ya tatu. Ila ukisoma kurasa zao za mauzo haraka haraka utadhani ipo.

Na kura, kama ulivyoona, zinahitaji hesabu isiyogawanyika kwa mbili. Sehemu mbili hazitoshi kamwe kujiamulia: kila moja ikiona mwenzake kimya, haijui kama mwenzake amekufa au ni simu imekatika. Weka shahidi sehemu ya tatu, hata kama ni mashine ndogo isiyobeba data. Mashariki na magharibi zikikosana, wawili kati ya watatu wanaoonana ndio wenye haki. Hapo zoni tatu za kanda moja zina uzuri wake: kura za milisekunde mbili.

Nasi tuliwahi kuwa na kanda ya pili. Ilikaa mwaka mzima ikipokea nakala kila dakika, na taa zake zote zilikuwa za kijani. Siku tulipoamua kufanya zoezi la kuhamia, saa nne asubuhi, kila mtu mezani na kinywaji chake, seva mpya ziligoma kuwaka. Picha za makontena, yaani vifurushi vya programu ambavyo seva huwashwa navyo, zilikuwa zimehifadhiwa kwenye kanda ya kwanza, ambayo kwa mujibu wa zoezi ilikuwa imekufa. Tukazichukua kwa mkono. Seva zikawaka, zikaomba nywila za kanzidata kutoka hifadhi ya siri. Hifadhi ya siri ilikuwa kanda ya kwanza. Tulipovuka hapo, tukataka kubadilisha DNS, na mwenye namba ya kuthibitisha kuingia alikuwa anaipokea kupitia mfumo wa ndani ulioendeshwa, umekisia, kanda ya kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako. Kanda ya pili haikuwa ya pili. Ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ile ile.

Tangu hapo nina kanuni inayokera wenzangu: siku ya msiba usipange kuunda chochote. Kila unachohitaji kiwe kimekwisha waka. AWS wenyewe hushauri hivyo, kutenganisha sehemu inayotoa huduma na sehemu inayobadilisha mipangilio, na kutoitegemea hiyo ya pili wakati wa kuhama; huduma zao kadhaa za dunia nzima, DNS yao ikiwemo, mipangilio yake husimamiwa kutoka Virginia Kaskazini hata kama wewe uko bara jingine. Na tena, kanda kubwa ikianguka, si wewe peke yako unayekimbilia jirani. Seva za jirani zinaweza kuisha kama tiketi za mwisho za basi.

Sheria nitaigusa tu, maana si uwanja wangu: kuna data isiyoruhusiwa kuvuka mpaka bila masharti, na GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data za watu, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Ninachoweza kusema kama fundi ni kwamba nakala za akiba nazo ni data, kumbukumbu za makosa nazo ni data, na mara nyingi hizo mbili ndizo zinazovuka mpaka bila mtu kujua. Muulize mwanasheria kabla ya kuchora, siyo baada. Jingine la haraka: kanda mpya mara nyingi hazina huduma zote zilizo katika kanda kongwe. Soma orodha kwanza.

Watu huniuliza basi niweke wapi. Kwa mifumo mingi niliyoiona, jibu langu halina mvuto: kanda moja, uliyoichagua kwa vipimo kutoka simu za watumiaji, zoni tatu ndani yake, kanzidata ikiandika angalau mbili kabla ya kuitikia, ncha ya kusambaza maudhui mbele, na nakala ya akiba kwenye kanda nyingine ya mbali, chini ya akaunti nyingine yenye nywila nyingine, ambayo umewahi kuirejesha kwa mikono yako ukaona inasomeka. Utaanguka siku kanda yote ikianguka, ndiyo. Piga hesabu ya saa hizo dhidi ya saa utakazoanguka kwa sababu ya kanda mbili zinazogombana, na uwe mkweli kuhusu timu uliyonayo. Kanda mbili zilizo hai kwa pamoja zinahitaji watu wa kuzilea kila siku. Kama dakika zako za kulala zinagharimu maisha au akiba za watu, ajiri watu hao. Kama hazigharimu, lala.

Hata ile ncha ya mbele si kinga ya kila kitu. Tarehe 8 Juni 2021 mteja mmoja wa Fastly alibadilisha mpangilio wake, mpangilio halali kabisa, ukaamsha kasoro iliyokuwa imelala, na sehemu kubwa ya mtandao wao ikatoa makosa kwa karibu saa moja. Sisi tumeacha njia ya pembeni ya kufikia seva bila kupitia ncha. Ni nyembamba, na hatujaihitaji bado.

Zoezi tunalifanya kila robo mwaka. Mara ya mwisho tulikata zoni moja, saa nne asubuhi kama kawaida. Kiongozi wa kanzidata alibadilishwa ndani ya sekunde 40, kurasa zikaendelea, na tulikuwa karibu kupongezana pale mtu wa hesabu alipotuma ujumbe kwamba ripoti ya usiku haikutoka. Tulifuatilia mpaka tukaipata kazi moja ya zamani, imeandikwa miaka mingi nyuma, ikiwa na anwani ya IP (namba ya mashine mtandaoni) ya mashine moja ndani ya zoni ile, kwa tarakimu. Juu yake palikuwa na maoni ya mwandishi: "ya muda tu, tutabadilisha." Jina la aliyeandika lilikuwa langu.